Ndoo ya Holo

Nimechoka kuulizwa nilipona kwa dawa gani. Nikienda sokoni Mpanda naulizwa, nikitoka kanisani naulizwa. Mtu ananivuta pembeni: "Mama Vero, na sisi nyumbani tuna mgonjwa wa kukohoa, wewe ulikunywa nini?" Nilikunywa vidonge vya hospitali miezi sita, kila asubuhi. Hakuna kingine. Ukimjibu hivyo anakuangalia kama umemnyima kitu. Basi nimeamua kuandika, niseme yote mara moja, pamoja na yale yanayonitia aibu. Sina pumzi ya kurudia rudia.

Mimi naitwa Skola, ni mkulima. Kwetu hasa ni Mpimbwe, huku mbele ya Magamba nilikuja kuolewa. Nilipokuja tulikuwa na mto na bonde la mpunga. Baadaye dhahabu ikaonekana kwenye vilima juu yetu. Yakaja makarasha ya kusagia mawe, ikaja mialo ambako unga wa mawe unaoshwa ili dhahabu ibaki, na maji machafu ya kuoshea yakawa yanashuka mtoni. Mto ukawa na rangi ya majivu. Mpunga ulikuwa unaota, unasimama kidogo, unageuka njano. Ng'ombe wakagoma kunywa. Tulipiga kelele mpaka tukachimbiwa kisima kirefu chenye pampu ya jua na bomba moja la kijiji. Tukachagua kamati ya maji, na mimi nikakabidhiwa ufunguo wa bomba.

Jamani, ufunguo ule niliupenda. Niliuvaa shingoni pamoja na rozari yangu. Kiangazi kila kaya ilipata ndoo nne kwa siku, na mimi ndiye niliyesimama pale kuhakikisha hakuna ya tano. Kwenye mkutano wa kwanza wa kamati nilisimama nikasema, "Mawe yalishakunywa mto wetu. Hayatakunywa na kisima." Watu walipiga makofi. Pale pale ikawa sheria ya kijiji: maji ya bomba ni ya kunywa, kupika na kuoga, hata kikombe kisiende kwenye mawe.

Tuliwafikiria wenye makarasha na mapipa yao. Hakuna aliyetaja wanawake wanaoponda. Wale waliokufiwa na mpunga walikuwa wanapanda kilimani kuokota mawe yaliyotupwa na wachimbaji, wanayaponda kwa mkono mpaka yanakuwa changarawe ndogo, ndipo wanauza kwenye karasha. Unakaa chini juu ya gunia, unazungushia jiwe mpira uliokatwa kwenye tairi ili lisiruke, unapiga nyundo. Jiwe kavu linatoa vumbi jeupe, jembamba, linaingia mpaka kwenye kope. Ukilinyunyizia maji kidogo halitoi vumbi. Hilo kila mpondaji analijua.

Jirani yangu Holo alikuwa mmoja wao. Ni Msukuma, walikuja na mumewe na ng'ombe wao kutoka kaskazini miaka mingi iliyopita, na mto ulipoharibika ng'ombe wakapungua, yeye akashika nyundo. Siku moja alichota ndoo yake, badala ya kukunja kwenda kwake akashika njia ya kilimani. Nikamkimbilia.

"Holo! Hiyo ya kunywa?"

"Ya kunyunyizia, mayu," alinijibu. Mayu kwao ni mama, analisema kwa heshima. "Ni ndoo yangu katika zile nne. Vumbi linatumaliza kule."

Nikaishusha ndoo kichwani kwake kwa mikono yangu nikaimwaga njiani. Foleni nzima inatazama. Nikamwambia sheria haina jirani. Holo hakunitukana. Aliokota ndoo yake tupu, akajifunika nayo kichwani kujikinga jua, akaenda zake kuponda. Jioni nilimsimulia mume wangu tukacheka.

Mwaka uliofuata kipande chetu cha mpunga, ambacho kilikuwa juu kidogo na kilipona kwa muda, nacho kikageuka majivu. Baba Vero akaenda Mpimbwe kulima mashamba ya kaka zangu. Mimi nikabaki na binti yetu Veronika. Tulikula nini? Nikachukua gunia na nyundo nikapanda kilimani, nikakaa mita chache kutoka kwa Holo.

Hapa ndipo aibu yangu inapoanza. Kumbe siku zote wale wanawake walikuwa wanabana maji kidogo kidogo kwenye chupa za soda, wanayaficha chini ya vitenge, wananyunyizia mawe. Nilipokaa mimi kati yao, mwenye ufunguo shingoni, chupa zikapotea. Hakuna aliyethubutu. Na mimi sikuthubutu kuvunja sheria niliyoitunga mwenyewe, ningeweka wapi uso? Nilijifunga mtandio mdomoni nikaponda makavu. Kwa kuwa mimi niliponda makavu, wote tuliponda makavu. Viangazi viwili. Nilikuwa naona weupe kwenye nywele zao na zangu, nikajisifu moyoni kwamba mimi ni kiongozi wa mfano.

Kikohozi kilianza wakati wa kuandaa mashamba. Nikasema ni moshi. Mvua zikaja, nikasema ni baridi. Nguo zikaanza kunipwaya, sketi ya kanisani nikaifunga kwa pini mbili, halafu tatu. Usiku nalowa jasho mpaka shuka nalikamua. Shemeji yangu akasema nimerogwa kwa sababu ya ufunguo, akaniletea mizizi ya kuchemsha. Nikanywa mizizi mwezi mzima. Wa jumuiya ya kanisani walikuja kunisalia, nawashukuru, lakini hakuna hata mmoja aliyesema mama, nenda kapime. Mpaka siku nilipotema damu kwenye jani la mgomba, Veronika akaona. Alilia sana yule mtoto. Kesho yake nilipanda pikipiki kwenda mjini.

Kliniki ya kifua iko nyuma kabisa ya hospitali, peke yake. Kuna mabenchi mawili chini ya bati, upepo unapita. Pale hakuna anayemsalimia mwenzake kwa sauti. Kila mtu anatazama ardhi, anaomba asije kupita mtu wa kijijini kwake. Nilipewa kikopo cha makohozi nikaambiwa nikajitahidi kule kwenye uwazi. Nikajitahidi. Nikapima na kile kingine pia, kile ambacho wote tunakiogopa, nikakutwa sina. Nikasubiri. Jua likahama kutoka benchi la kwanza likaja la pili, tukahama nalo. Wakati wa mchana nesi aliniita dirishani, mwanamke mfupi, ana macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Mama, una kifua kikuu. Kinatibika. Nani atakusimamia?"

"Kunisimamia nini?"

"Kumeza. Kila asubuhi mtu akuone kwa macho yake unameza. Siyo wewe mwenyewe, nyie huwa mnadanganya."

Mume wangu alikuwa Mpimbwe. Nilimpigia simu, akasema mpunga wa kaka zangu hauwezi kuachwa njiani. Akasema Veronika apelekwe Kasokola kwa shangazi yake, asije akaambukizwa. Veronika alipimwa akakutwa mzima, lakini akapelekwa hivyo hivyo. Alipoondoka hakuruhusiwa hata kunishika mkono. Shemeji mwenye mizizi alisema yeye ana watoto wadogo. Majirani wakaanza kupita njia ya nyuma. Nilikaa kibarazani na pakiti ya dawa, sina mtu wa kuniona nikimeza.

Asubuhi ya tatu nilisikia mtu anapiga hodi.

"Mwang'aluka, mayu." Ni salamu yao ya asubuhi.

Alikuwa Holo. Mkono mmoja kibuyu cha maziwa ya mgando, mwingine kikombe cha bati chenye maji.

"Nasikia unatafuta mtu wa kukutazama mdomo," akasema. "Jana nesi kaniandika jina, kanieleza yote. Mi nina macho."

Nikatoa vidonge vitatu. Akanipa kikombe chake cha maji, nikameza.

"Fungua mdomo nione."

"Holo, mimi siyo mtoto."

"Nesi kasema mnadanganya. Fungua."

Nikafungua. Akachungulia mpaka chini ya ulimi, akatikisa kichwa kuridhika. Akakaa pembeni ya mlango akakohoa kidogo, akasema ni vumbi tu, ameshalizoea. Halafu akaenda kilimani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zaidi ya mia na themanini. Mvua au jua, mwang'aluka, kikombe, vidonge, fungua mdomo. Wiki ya kwanza mkojo ulitoka mwekundu, nikapiga yowe chooni nikidhani figo zimepasuka. Holo alicheka hadi akakaa chini. "Si ulisikia nesi alivyosema? Ni rangi ya dawa." Viungo viliniuma, magoti hasa, nikawa naamka nimeshika ukuta. Tumbo lilichafuka kila nikinusa mafuta ya kukaangia. Kulikuwa na siku nilimwambia aondoke na vidonge vyake nife kwa amani. Alikaa pale pale hadi nikameza. Hakunibembeleza wala hakunigombeza, alikaa tu.

Mwezi wa pili wa dawa njaa ilirudi. Wewe unayeanza dawa, sikiliza: njaa ile ni habari njema, lakini inatesa. Nilikula ugali wa asubuhi, nikatamani wa mchana kabla sufuria haijapoa. Maziwa ya Holo ndiyo yaliyonibeba. Kwao waliobaki ni ng'ombe wanne, na mmoja tu ndiye aliyekuwa anakamuliwa.

Tulikwenda pamoja kupima makohozi mwezi ule. Yangu yalikuwa yameshakuwa safi. Nikamwomba nesi ampime na Holo kwa kuwa anakaa na mimi. Naye safi. Tulirudi kwenye pikipiki moja, yeye nyuma mimi katikati, tumefurahi kama tumetoka harusini.

Mume wangu alikuja mpunga ulipoanza kutoa masuke. Alikaa siku tano. Alinitengea sahani na kikombe, akakifunga kikombe kamba nyekundu kwenye mkono wake ili visichanganywe, akawa analala kwenye chumba cha magunia. Nilimweleza nesi kasema siambukizi tena. Akajibu, "Nesi halali humu." Hatukugombana. Nilikuwa nimechoka mno kugombana. Namsamehe sasa, lakini kile kikombe chenye kamba sijakitupa, kipo juu ya kabati.

Ile ndoo sikuitaja na yeye hakuitaja. Kila asubuhi nikipokea maji kutoka mkononi mwake naikumbuka. Nilikuwa nayavuta polepole, nayaona kama yale yale niliyomwaga. Mwezi wa nne wa dawa, mvua zimekata, niliweza kutembea hadi bombani. Kamati ilikuwa imemweka kijana wa kunishikia ufunguo, akanirudishia. Nikakaa kwenye kigoda changu, nagawa maji nimekaa. Holo alikuja kwenye foleni. Alipofikiwa alikinga ndoo, akawa anatazama kando ya sakafu ya bomba. Pale maji yanayomwagika kila mtu anapochota yanapita kwenye kijifereji yanaishia kwenye dimbwi, na bata wa kijiji walikuwa wanaogelea humo, wanapiga mbawa.

"Mayu," akasema, "bata wako wana bahati. Wananyunyiziwa."

Foleni ikacheka. Na mimi nilicheka, kisha nikaacha. Nilitazama lile dimbwi. Miaka yote lilikuwa hapo, kila siku yalikuwa yanamwagika maji ya kulowesha kilima kizima cha mawe, na mimi mwenye ufunguo nilikuwa nimeligeuzia mgongo. Sikulala vizuri wiki nzima.

Nikamfuata kwake. Yeye ndiye huwa anakuja, siku ile nilikwenda mimi.

"Holo, nisamehe ile ndoo."

Alikuwa anapepeta mahindi, hakusimama. "Ndoo moja si kitu, mayu. Ulipokuja kukaa na sisi kule juu ndipo ulipotumaliza. Tuliogopa kutoa chupa. Ningekuwa na kinywa ningekuambia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na ufunguo," akasema. Akakohoa, akaendelea kupepeta.

Nilikubali.

Nilimaliza dawa mwanzoni mwa kiangazi. Nesi alinipiga picha ya kifua, daktari akaiweka kwenye mwanga. Kifua kikuu kimeisha, akasema, lakini haya madoa madogo madogo ni vumbi la mawe. Hili haliondoki. Ndilo lililoufungulia mlango ule ugonjwa. Usirudi tena kwenye vumbi, na usishangae ukichoka mapema. Basi ndiyo hali niliyonayo. Nikipanda kilima kidogo nasimama mara mbili. Wakiniuliza nimepona nasema ndiyo, maana niko hai na Veronika amerudi nyumbani, ananisuka nywele jioni.

Mkutano wa kamati ulipoitishwa nilisimama kuomba sheria ibadilishwe. Mwenyekiti wetu ni mzee mpole, lakini siku ile alitabasamu vibaya.

"Mama Vero, mawe yalishakunywa mto wetu. Nani alisema?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikasubiri wamalize.

"Nilisema mimi," nikajibu. "Na nilikosea. Siombi maji ya kisima. Naomba yale ya bata."

Nikawaeleza: nusu pipa lizikwe chini ya kijifereji, lipokee yanayomwagika, wapondaji wachote humo na si kwingine. Mtu mmoja akasema leo ya bata, kesho watataka bomba, na wenye makarasha watakuja na matenki. Nikamwambia mimi ndiye mwenye ufunguo, tenki likija nitalala mbele ya tairi. Mwingine akasema hao wanawake waache kuponda wakalime. Wakalime wapi, baba? Nyie mnaujua mto ulivyo. Nilikohoa katikati ya maneno, nikashindwa kuendelea, nikakaa. Nadhani kile kikohozi ndicho kilichopitisha hoja, maana niliyosema mengine hawakuyasikia vizuri. Pipa lilizikwa kabla ya Jumapili. Bata wamehamia kwa jirani mwingine.

Kwa hiyo ninyi mnaoniuliza, nawaambia hivi. Ukikohoa wiki mbili, usichemshe mizizi, nenda. Benchi lile linatisha siku ya kwanza tu. Tafuta mtu wa kukuona ukimeza, na asipokuwa ndugu, chukua anayekuja. Na kama mnaponda mawe, lowesheni jiwe, hata kwa maji ya kuoshea vyombo. Kama kijijini kwenu kuna mtu ana ufunguo, mwambieni, hata kama mnamwogopa.

Pipa lilipoanza kufanya kazi nilimlazimisha Holo twende akapigwe picha na yeye, kwa sababu kile kikohozi chake hakikuwa kinaisha. Alikataa mara tatu. Mara ya nne nikamwambia ananidai midomo mia na themanini, akacheka, akapanda pikipiki. Tulikaa kwenye benchi, jua likahama, tukahama nalo. Yule nesi mfupi akatuita wote wawili dirishani. Holo hana kifua kikuu. Ni vumbi tupu, kifua chote, kuliko langu, na mapafu yameanza kuwa magumu.

"Sasa anaanza lini dawa?" nikauliza. "Mimi ndiye nitakayemsimamia. Niandike jina."

Nesi aliweka kalamu chini. "Mama, hii haina dawa. Aache vumbi, ale vizuri, akizidiwa mumlete. Hakuna cha kusimamia."

Tulipanda pikipiki tukarudi.

Kesho yake niliamka mapema, nikaenda bombani kabla ya foleni, nikajaza kikombe cha bati. Nilisimama mara mbili njiani kupumzika. Holo alikuwa nje, ameegemea zizi.

"Mwang'aluka, mayu. Umekuja kufanya nini? Mi sina vidonge."

"Najua. Kunywa."

Alinitazama, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa yote.

"Fungua mdomo nione," nikamwambia.

Akafungua, akaanza kucheka mdomo ukiwa wazi, na kicheko kikaleta kikohozi, kirefu, kikavu, hadi akashika mti wa zizi. Nikachukua kikombe mkononi mwake, nikasimama pale, nikasubiri kiishe.